Mwalimu Hakuaga

Alizaliwa wapi na mwaka gani, sijui. Hata ningejua nisingesema, maana yeye mwenyewe alifunika mambo yake kama mama anavyofunika sufuria mgeni akipita mlangoni. Tulimwita Mwalimu, basi. Kanisani alikuwa Mwalimu. Kazini pia. Hata wale wazee wa Kizungu aliokuwa akiwaogesha na kuwalisha kwenye nyumba ya wazee walijifunza kumwita hivyo, ingawa walilitamka neno lenyewe kana kwamba ni jina la mboga. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kwetu Kenya miaka mingi kabla ya kuja huku Minnesota. Chaki ilimtoka mikononi, lakini sautini haikumtoka.

Niseme mapema kwamba ninaandika nikiwa na hasira. Wengine wakiandika juu ya watu wazima waliowapenda huanza na sifa. Mimi naanza na mashtaka, na sifa zikitaka zitajipenyeza zenyewe. Huyu mama alinitoa kwenye kochi langu, akanikimbiza kwenye vilima vya Saint Paul msimu mzima wa baridi na masika yote, halafu akaniacha kwenye maegesho ya magari kama mfuko uliosahauliwa.

Kochi lenyewe lazima nilieleze, kwa sababu bila kulielewa hamtaelewa ukubwa wa kosa lake. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali moja hapa Minneapolis, na nikitoka shifti sina tamaa nyingine duniani ila blanketi, chai na kile kipindi cha watu wanaonunua nyumba wasizozihitaji. Kochi limeshika umbo langu. Mtu mwingine akikaa, anateleza taratibu mpaka kwenye shimo langu, na baba watoto amekwisha kuacha kujaribu. Sikuwa na ugomvi na mtu. Daktari aliposema presha imepanda, nilimshukuru, nikachukua vidonge, nikaviweka pale karibu na rimoti ili nisisahau.

Mwalimu alikuja kunitembelea Jumapili moja baada ya ibada. Akaviona vile vidonge. Alikunywa chai yake, akasifu mandazi, akamwuliza binti yangu habari za shule kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiingereza, akamwuliza tena kwa Kiswahili mpaka mtoto akasalimu amri. Jumamosi iliyofuata nikasikia mlango unagongwa kabla sijapiga mswaki. Alikuwa amesimama kwenye theluji na jozi ya viatu vya michezo vya binti yake, akaniambia nivae, tunakwenda.

"Tunakwenda wapi?"

"Kukimbia. Nimetuandikisha kwenye mbio za vilima, nusu marathoni, mwanzo wa kiangazi. Vaa, Mama Kochi."

Hilo jina lilinishika kuanzia siku hiyo, na hata mchungaji analitumia. Angalieni basi namna mambo yalivyoanza. Alijaza jina langu kwenye mbio za watu bila kuniuliza, kama anayeandikisha mtoto darasa la kwanza. Hilo tu lingetosha kunionyesha ni mtu wa aina gani: anakuamulia, anafunga mlango, halafu anakuambia habari.

Namna yake ya kukimbia ilikuwa ya ajabu. Alikwenda wima, hatua ndogo ndogo, mikono mbele kidogo kana kwamba amebeba karai la maji. Juu ya suruali ya kubana alijifunga leso, kwa sababu, alisema, waumini wako kila mahali na hajui atakutana na nani. Kichwani alivaa kofia ya rangi za bendera. Na hakutaka kusikia kitu kikilia mfukoni. Funguo, sarafu, hata kopo la vidonge vya kikohozi, vyote alivifunga kwenye kitambaa na kukiingiza kifuani. Siku ya kwanza nilikimbia na funguo zangu mfukoni. Alisimama, akanyoosha mkono, nikampa, akazifunga.

"Ukilia kama kengele ya mbuzi utasikiaje pumzi yako?" akasema.

Nilimwambia pumzi yangu inasikika mpaka Roseville, mji wa jirani. Hakucheka. Utani alikuwa nao, lakini utani wake ulikuwa wa kwenda, haukuwa wa kurudi.

Kilima chetu kilikuwa kile kinachopanda kutoka mjini Saint Paul kwenda kwenye majumba makubwa ya zamani. Ni kifupi ukiwa kwenye gari. Kwa miguu ni tusi. Mwalimu alikuwa na sheria zake pale: usitazame juu, usigeuke nyuma, na ukifika juu usisimame. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikera kuliko zote. Nikifika juu, ulimi nje, macho yanaona nyota, yeye anaendelea kama hakuona kwamba kilima kimekwisha. Ilikuwa lazima tufike kwenye nguzo ya taa iliyokuwa mbele zaidi, tuiguse, ndipo tunaruhusiwa kusimama.

"Juu si mwisho," alisema. "Juu ndipo watu wanapoanza kujihurumia."

Tukishagusa nguzo, alichora alama kwenye theluji kwa ncha ya kiatu. Siku nzuri nilipata vema, mbaya nilipata kosa. Mimi mtu mzima, nina watoto, nina mkopo wa gari, nasimama kwenye baridi inayoumiza meno nikitazama mguu wa mwanamke mwingine kuona nimefaulu au nimeanguka. Na siku za vema nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga kabisa.

Barafu ilipozidi tulihamia kwenye jengo la maduka la Roseville. Asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, wazee wa mji huja pale kutembea wakizunguka korido. Tukajiunga nao. Mwalimu akawafahamu wote kwa muda mfupi: nani amebadilishwa goti, nani ana mwana asiyepiga simu. Mimi nilikuwa namfahamu mtu mmoja tu, yule kijana wa mikate ya mdalasini, na kwa bahati mbaya duka lake lilikuwa kwenye kona tuliyopita kila mzunguko. Mara moja nilibaki nyuma makusudi. Mwalimu alipomaliza mzunguko akanikuta nimekaa, mdomo umejaa. Alichora kosa kubwa hewani kwa kidole, mbele ya wazee wote wa Roseville, akaendelea.

Alikuwa na hasira zake pia. Tukipanda kilima chetu masika, barafu imekwisha kuyeyuka, watu waliokaa barazani kwao walikuwa wakiiona ile kofia na kutupigia makofi. Walipaza sauti: Kenya! Walidhani tunajiandaa kwa Olimpiki, kumbe mmoja ni mfuaji mashuka anayetafuta hewa na mwingine ni bibi aliyejifunga leso. Mara ya kwanza mimi nilipunga mkono. Mwalimu alikasirika mpaka mlima ukaisha.

"Kwetu nilifundisha hesabu," alisema. "Mbona sijaona wa kunipigia makofi nikigawanya?"

Nikamwuliza kwa nini basi havui hiyo kofia. Akasema kofia ni yake na bendera ni yake, ujinga ndio wao. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Angeweza kuondoa tatizo kwa mkono mmoja, lakini aliona afadhali akasirike kila Jumamosi.

Sasa niseme juu ya siri, maana hapa ndipo mashtaka yangu yanaposimama.

Ninyi mnaotoka kwetu mnajua desturi hii. Mtu akipata safari hasemi. Anafunga mizigo pazia likiwa limeshushwa, anakuja kanisani Jumapili anaimba kama kawaida, anakuuliza utapika nini Krismasi, na siku mbili baadaye unaona picha yake uwanja wa ndege wa huko, amezungukwa na shangazi. "Nimefika salama, Mungu ni mwema." Ndiyo taarifa hiyo. Tunafanya hivyo sote, na nikiwa mkweli hata mimi nilikuja Amerika kwa mtindo huo. Lakini Mwalimu aliifanya kuwa dini ya pili.

Alikuwa na binamu ambaye zamani alitangaza safari yake kanisani. Akaombewa, akakatiwa keki, akaaga watu wote. Alipofika ubalozini akanyimwa viza. Mwalimu aliamini kwamba midomo ndiyo iliyomnyima.

"Si uchawi," aliniambia. "Ni midomo tu. Kila mtu akilisema jambo, linachakaa kabla hujalitumia."

Nikamwambia labda ni karatasi zake hazikuwa sawa. Tulikuwa katikati ya kilima. Akasimama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akivunja sheria yake mwenyewe, akaniambia mimi bado mtoto, siku moja nitakuwa na jambo langu kubwa nami nitajifunza kunyamaza mpaka ndege ipae. Halafu tukaendelea.

Nami nilifurahi, jamani. Huo ndio upumbavu ninaoulilia. Kwa kuwa aliniambia kwa nini anaficha, nilidhani mimi niko upande wa ndani wa mlango. Alinisimulia kule kwenye vilima mambo ya nusu ya kanisa: nani anahama, nani ameachana na mumewe lakini bado wanakaa kiti kimoja Jumapili, nani anasomea udaktari na hajamwambia mtu asije akafeli. Sikutoa hata moja. Nilijiona kabati lake. Sikuwahi kufikiri kwamba anayeficha vitu kabatini ana vingine anavyolificha kabati.

Na jambo linalonitia hasira zaidi ni kwamba huyu mwanamke hakusema uongo. Kwenye ile nyumba ya wazee palikuwa na mzee mmoja aliyepotewa na kumbukumbu. Kila siku aliuliza mke wake atakuja saa ngapi, na mke alikuwa amekufa zamani. Wahudumu wengine walimwambia kesho, anatulia. Mwalimu alikataa. Aliniambia kwamba kila mzee alipomwuliza, alivuta kiti, akamshika mkono, akamwambia, "Amefariki, mzee wangu. Nitakaa nawe." Mzee alilia kila mara kama habari mpya, naye alikaa mpaka akanyamaza. Msimamizi alimkaripia kwa kupoteza muda. Hakuacha. Alisema hana ruhusa ya kumdanganya mtu kwa sababu tu hatakumbuka.

Basi mnisaidie. Mtu asiyeweza kumdanganya mzee atakayesahau baada ya chai, aliwezaje kunidanganya mimi ninayekumbuka kila kitu, mpaka bei ya sukari ya mwaka niliofika?

Niwe wa haki kidogo, halafu nitarudi kwenye ugomvi. Kuna siku niliteleza kwenye barafu chini ya kilima nikaanguka kwa makalio, na heshima yangu yote ikaanguka nami. Nilikaa pale nikilia, si kwa maumivu hasa, ila kwa uchovu wa kila kitu: mashuka, baridi, mama yangu aliyekuwa mgonjwa nyumbani nami siko. Nilitegemea atanichorea kosa. Mwalimu alikaa kwenye barafu kando yangu, leso ikalowa yote, akanikanda kifundo cha mguu kwa kidole gumba, huku magari yakitupita na madereva wakishangaa.

"Lia kidogo," akasema, "halafu twende."

Nililia kidogo, halafu tukaenda. Mwezi huo mama yangu alipofariki, Mwalimu aliingia jikoni kwangu bila kuulizwa na hakutoka mpaka matanga yakaisha. Alipokea wageni, akapika ugali wa watu wote, akamfukuza mmoja aliyekuja na maneno mengi. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Simkasirikii mtu baki. Mtu baki angenipunguzia kazi.

Alhamisi kabla ya mbio tulifanya zoezi la mwisho, la polepole. Leo nikirudi nyuma naona dalili zote zimejipanga kama watoto wa paredi. Alinivisha ile kofia ya bendera, akasema kichwa chake kimechoka nayo na changu ni kikubwa, kitaijaza. Kwenye nguzo ya taa aliweka kiganja kizima, akakiacha pale. Nikamtania kwamba anaibariki. Akanichorea vema kwenye vumbi, kubwa, kisha akaipitia tena kwa kiatu kana kwamba ya kwanza haikukolea.

Nilipomwacha kwenye gari lake aliniambia, "Jumamosi usichelewe. Nitaleta chai ya thermosi."

Chai ya thermosi! Hata tangawizi aliitaja.

Jumamosi alfajiri nilikuwa kwenye maegesho ya mbio kule kusini, mahali mto unapopita kati ya miamba na barabara zinapanda na kushuka kama mtu asiyejua anachotaka. Nilikuwa na kofia kichwani. Watu wembamba walikuwa wakirukaruka kila upande. Nikangoja. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena. Nikaanza kuona mambo mabaya: ajali, moyo, gari limetumbukia mtoni. Nilimpigia baba watoto aende akagonge mlango wake. Akaniambia kwa usingizi kwamba dirisha halina pazia, na ndani hakuna kitu.

Nilikuwa bado nimeshika simu ilipolia. Ilikuwa picha, kwenye grupu la kina mama wa kanisa, sisi sote, hata wale ambao hawajui kukimbia hata kufuata basi. Mwalimu yuko uwanja wa ndege wa Nairobi, katikati ya jamaa, maua shingoni, anacheka. Chini ameandika: Nimefika salama. Nimerudi nyumbani moja kwa moja. Mungu ni mwema. Kina mama wakaanza kumwaga pongezi na mikono ya maombi.

Hakuna meseji yangu peke yangu. Niliitafuta. Nilifunga simu nikaifungua tena, labda mtandao ni mbaya. Hakuna. Niliipata habari pamoja na mama anayeuza vitenge, pamoja na mama aliyehamia Texas zamani na hajajitoa kwenye grupu. Na yule aliyenitoa kitandani, aliyekaa nami barafuni, aliyenipikia matanga, aliniweka kwenye foleni ya watu.

Nikataka kurudi kwenye kochi. Naapa mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya gari. Kisha nikawaza kwamba akiuliza, na atauliza, ataambiwa Mama Kochi alirudi nyumbani. Nikafunga mlango wa gari kwa nguvu ambayo haikuwa haki ya gari.

Kilichofuata ni aibu ya pekee. Mwalimu alipotuandikisha alijaza kwamba tumetoka Kenya, na mimi nina kofia ya Kenya. Kijana aliyekuwa akigawa namba aliponiona uso ukamng'aa. Akanishika mkono kwa heshima kubwa, akanipitisha katikati ya umati mpaka mstari wa mbele kabisa, akaniacha kati ya wanaume wenye miguu kama fito na mwanamke aliyefunga macho akipumua kwa hesabu. Ningesema nini? Kwetu mtu akikupa kiti cha mbele kwa heshima hukatai, hata kama ni kwenye harusi ya mtu usiyemjua. Mwanamke akafungua macho, akaniangalia, akatabasamu kwa hofu. Alidhani mimi ndiye wa kumshinda.

Bastola ikalia. Kila mtu alinipita. Alinipita kijana anayesukuma mtoto kwenye kigari. Alinipita mzee aliyevaa kama ndizi. Kufikia kilima cha kwanza nilikuwa peke yangu na hasira, na hasira, nimegundua, haichoki miguu. Niligombana naye kwa sauti kilima kizima. Nilimwambia yote kwa Kiswahili, hadharani, mikono ikienda. Mama mmoja aliyekuwa akigawa maji aliniambia aliguswa kuniona nikisali.

Sikutazama juu. Sikugeuka nyuma. Nilifika mwisho wakati wanakunja meza. Walinivalisha medali, wakaniambia imekwisha, pongezi, naweza kusimama. Sikusimama. Niliendelea huku wakiniita, mpaka kwenye nguzo ya kwanza ya taa upande wa pili wa maegesho. Nikaipiga teke.

Miaka ilipita. Alituma salamu kwenye grupu, nami nilijibu mikono ya maombi, mikavu kabisa. Alipopiga simu sikupokea, halafu hakupiga tena. Nikaendelea kukimbia. Hilo linawashangaza watu, lakini ningeacha angejua, na angesema alijua. Presha ilishuka. Daktari anadhani ni vidonge. Binti yangu, sasa yuko chuo, anasema mimi ndiye mtu pekee hapa Minnesota anayekimbia akiwa na uso wa mtu anayekwenda kumshtaki jirani.

Vuli iliyopita, Jumamosi, niliegesha gari chini ya kilima chetu kama kawaida. Majani yalikuwa yamejaa barabarani. Kando ya njia palikuwa na gari jeupe, na mama aliyevaa koti jekundu ameliegemea, anatazama juu. Nilimtambua kwa mgongo.

"Mama Kochi," akasema bila kugeuka. "Bado unakanyaga kwa visigino."

Shikamoo ilinitoka yenyewe. Mdomo una adabu zake hata moyo ukikataa. Akaitikia. Alikuwa amepungua, na mguu mmoja aliuweka kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai. Binti yake amejifungua, alisema, amekuja kumwona mtoto. Goti limekufa. Kule nyumbani alijaribu kukimbia asubuhi moja, na kijiji kizima kikatoka kumwuliza nini kimetokea na nani amefariki. Akaacha.

Ningecheka. Nilijizuia. Nikamwuliza alikuja lini, akasema juzi juzi. Nikamwuliza anaondoka lini.

"Mungu akipenda," akasema, akaangalia pembeni.

Basi. Nikamsogelea.

"Mimi ni watu, Mwalimu?"

Akaondoa jani kwenye kioo cha gari.

"Nilikaa kwenye maegesho nikidhani umekufa. Nilikusubiri wewe na hiyo chai yako ya tangawizi. Ulinipikia matanga ya mama, halafu nikaisoma safari yako pamoja na mama wa vitenge. Niambie tu. Mimi ni watu?"

Upepo ulisogeza majani. Akaivuta kofia ya koti, akairudisha.

"Watu wangenipongeza," akasema. "Wote walinipongeza. Wewe ungeniuliza kama nina hakika. Na sikuwa nayo. Ungeniuliza pale kwenye nguzo, nisingepanda ile ndege."

"Kwa hiyo ukanidanganya."

"Nikakudanganya."

Hakujitetea zaidi ya hapo, na nilitamani ajitetee ili nipate pa kushika. Tulisimama kama wazee wa Roseville mbele ya duka lisilofunguliwa. Kisha akasema, polepole, kama anayetoa mwiba, "Jumanne ijayo. Jioni. Hata grupu hawajui kama niko hapa."

Nilimwambia kwamba ile Jumamosi pia aliniambia kwa sauti hii hii. Nilimwambia siwezi tena kujua.

Alikubali kwa kichwa. "Haya, panda," akasema. "Nataka nione. Nitakungoja hapa."

"Utangoja?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za gari la binti yake. Hazikuwa zimefungwa kwenye kitambaa. Akaniwekea mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Beba. Bila hizo siendi popote."

Niliziweka mfukoni nikapanda. Zililia kila hatua, kelele mbaya kabisa, kama mbuzi aliyekimbia zizi, na nilijua anazisikia mpaka kule chini. Sikutazama juu, wala sikugeuka. Nilifika juu nikapita, nikagusa nguzo ya taa, na hapo tu ndipo nikageuka. Koti jekundu lilikuwa palepale kando ya gari jeupe. Lingekwenda wapi?

Kando ya nguzo kuna ukuta mfupi wa nyumba ya tajiri fulani. Nikakaa. Hasira yangu bado ilikuwepo, nzima, sikuona sababu ya kuiaga. Nikazitoa funguo, zilikuwa zimepata joto mfukoni. Nikasema wacha naye asubiri kidogo. Nikakaa mpaka jasho likaanza kunipoa mgongoni, ndipo nikainuka na kushuka, bila haraka, nikizitikisa kwa makusudi ili asikie kwamba ninakuja.